Aliyepigwa na Radi, Mguse

Kuna neno moja lilimwingia Marceline masikioni, likakataa kutoka. Alilisikia sokoni, kwa mama anayeuza mikate midogo ya kukaanga. Yule mama alikuwa anageuza mikate ndani ya mafuta, na mdomo wake haukupumzika.

"Mulisikia ya ku njia ya Banalia? Radi ilipiga muvuvi mumoja. Batu bakasimama mbali, bakangojea mwenye dawa ya radi afike. Si munajua, mutu wa radi haguswi. Ukimugusa, moto inahamia kwako."

"Akakufa?" Marceline aliuliza.

"Akakufa. Lakini banasema vidole vilikuwa vinatikisika bado."

Wanawake wengine walisema pole, wakalipa, wakaenda. Marceline alibaki amesimama. Kama vidole vilitikisika, basi mtu alikuwa hai. Na kama alikuwa hai, ni radi iliyomwua, au ni kule kungoja?

Alilibeba swali hilo mpaka nyumbani, pamoja na beseni lake la muhogo.

Nyumba yao iko Wagenia, karibu na maporomoko ya mto. Mume wake, Ruffin, ni mvuvi kama baba yake alivyokuwa. Wanaume wa pale husimamisha miti mikubwa ndani ya maji makali. Kwenye miti hiyo hufunga mitego iliyosukwa, mipana mdomoni na myembamba mkiani. Maji yanamsukuma samaki ndani, naye hawezi kurudi. Kazi ya mvuvi ni kupanda juu ya miti na kuvuta mitego.

Siku zile joto lilikuwa kali. Adhuhuri mabati ya nyumba yalilia kama mtu anayevunja karanga. Laurette, binti yao, alikataa kulala ndani. Upepo ulikuwa umekufa, na jasho halikukauka hata ukijipepea.

"Joto ya hivi ni muzuri," Ruffin alisema. "Inaleta mvua. Na mvua inaleta samaki."

Hivyo ndivyo alivyoamini. Wingu jeusi likitokea, wengine walikimbilia nyumbani, yeye alikimbilia mtoni. Watu walimwita Papa Mvua, naye alilipenda jina hilo.

Jioni moja jirani yao, Mama Safi, alikuja kununua samaki. Safi ametoka Kindu, naye ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Marceline alimwekea samaki kwenye sahani, kisha akatoa swali lake.

"Mama Safi, mutu wa radi, moto inabaki ndani yake?"

"Hapana, Mama Laurette. Radi inapita mara moja, inaingia ku udongo, inaisha. Haibakishe kitu kwa mutu. Unaweza kumugusa sawa vile unagusa mutoto wako."

"Sasa batu banakufa juu ya nini?"

"Moyo inasimama. Pumzi inakatika. Wakati ingine unaweza kuzirudisha, lakini uanze palepale. Ukingoja, imekwisha."

"Unazirudisha namna gani?"

Safi alitazama huku na huku. Aliuona mfuko wa unga wa fufu, akaulaza chini kwenye mkeka. Alipiga magoti kando yake. Aliweka mkono mmoja juu ya mwingine, akanyoosha viwiko, akasukuma.

"Katikati ya kifua. Kwa nguvu, na mbio. Unasukuma, unaacha kifua ipande, unasukuma tena. Usiogope kumuumiza. Fanya wewe sasa."

Marceline alisukuma. Unga ulimrukia puani. Laurette akacheka mpaka akakaa chini. Ruffin aliingia wakati huohuo, akasimama mlangoni.

"Bon," alisema. "Leo fufu iko mugonjwa."

"Cheka tu, Papa Mvua," Safi alimjibu. "Radi ikilia, unakuwa wapi?"

"Ku mitego yangu, docteur."

"Pale njo pahali ya kufia. Radi inapenda kitu chenye kusimama juu kuliko vingine. Miti iko peke yake ndani ya maji, na wewe uko juu ya miti."

"Minaangalia kwanza kama iko mbali."

Safi alimwonyesha kiwanja cha mpira, nje ya mlango. Ng'ambo ya kiwanja, mama mmoja alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. "Tazama mutwangio. Kiisha, sikiliza."

Walitazama. Mtwangio ulishuka, kukawa kimya, ndipo sauti ikafika. Marceline alikuwa ameliona jambo hilo tangu utoto. Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Mwangaza iko na mbio kuliko sauti," Safi alisema. "Sauti ikichelewa, radi iko mbali kidogo. Lakini kama unaisikia, hata kidogo, inaweza kukufikia. Ukiisikia, ingia nyumba. Donc, usiangalie. Sikiliza."

"Samaki habangoje," Ruffin alisema, akachukua sahani yake ya chakula.

Siku chache baadaye wingu lilipanda mchana, jeusi kama sufuria ya zamani. Ngurumo ikasikika upande wa msitu. Ruffin akachukua kasia. Marceline alimshika shati.

"Baba Laurette, inalia."

"Iko mbali. Sauti inachelewa bado, sawa ya mama wa sombe," Ruffin alisema, akicheka. Akaenda.

Mvua ilianguka yote pamoja. Marceline alichomoa waya wa simu ukutani, akamketisha Laurette katikati ya chumba. Halafu nyumba nzima ikawa nyeupe, na mlio ukaja papo hapo. Safari hii sauti haikuchelewa hata kidogo.

Kutoka mtoni mtu akapiga kelele. Marceline akamwambia Laurette asitoke, akakimbia.

Ruffin alikuwa ameshuka kutoka kwenye miti mvua ilipozidi. Alijificha chini ya kibanda cha kukaushia samaki, kibanda cha nguzo na majani tu, kisicho na kuta. Aliegemea nguzo. Sasa alilala chali kwenye matope. Wavuvi walimzunguka kwa mbali. Tonton Wenceslas, mdogo wa marehemu baba yake Ruffin, alinyoosha mikono kuwazuia.

"Mutu asimuguse. Nimekwisha tuma mutu kwa mwenye dawa."

Marceline alitazama kifua cha mume wake. Hakikupanda. Akatazama mikono. Vidole vilikuwa vinatikisika.

"Muite Mama Safi," alisema. Kijana mmoja, Octave, akatoka mbio.

"Marceline, mwanangu," Tonton alisema, "utakufa pamoja naye. Nani atamulea Laurette?"

Marceline aliogopa. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Kisha akaweka kiganja kwenye paji la uso la Ruffin. Lilikuwa limelowa, baridi kama samaki. Hakuna kilichomchoma.

"Haichome," alisema. "Tonton, haichome."

Akapiga magoti. Mkono juu ya mkono. Akasukuma. Kitu kililia ndani ya kifua, kama kijiti kinachovunjika, naye akaendelea. Safari hii hakuna aliyecheka. Mikono yake ilianza kulegea. Akasema, bila kuinua kichwa, "Naishiwa nguvu."

Ndipo Tonton Wenceslas akaja, akapiga magoti upande wa pili.

"Nionyeshe mikono inawekwa namna gani."

Mzee alikuwa anasukuma bado Safi alipofika. Safi akafungua mdomo wa Ruffin, akampulizia pumzi, wakaendelea pamoja. Ruffin akakohoa. Akakohoa tena. Tonton akaondoa mikono, akaitazama kama si yake.

Walimpeleka hospitali. Alirudi na mbavu zinazouma na sikio moja lisilosikia vizuri, lakini alirudi.

Leo, kando ya mto, kuna ringi ya gari imening'inizwa. Ngurumo ya kwanza ikilia, Tonton Wenceslas anaigonga kwa chuma, anaingia nyumbani. Wavuvi wote wanashuka. Ruffin ndiye wa kwanza, na watu sasa wanamwita Papa Nyumba. Ngurumo ikinyamaza nusu saa nzima, wanarudi kwenye mitego. Samaki wanawangoja mlemle.

Marceline alirudi kwa mama wa mikate, akamsimulia yote. Yule mama aliacha kugeuza. Mikate ikaanza kuungua.

"Alors," alisema polepole, "yule wa Banalia."

Marceline alimshika bega tu.

Wewe unayesoma, epuka haya:

Usibaki mtoni, ndani ya mtumbwi au juu ya miti ngurumo ikilia.
Usijifiche chini ya mti, wala kwenye kibanda kisicho na kuta.
Usisimame uwanjani.
Usiendelee na safari ya pikipiki. Tafuta nyumba, au gari lililofungwa.
Ndani ya nyumba, usiegemee ukuta, usioge, usishike simu iliyo kwenye waya.
Usitoke mapema. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.
Usimfukie kwa udongo mtu aliyepigwa na radi, wala usimmwagie maji.
Akiwa anapumua, usimwache chali. Mlaze ubavu, umpeleke hospitali, hata akisema ni mzima.
Asipopumua, usingoje mtu. Mguse. Sukuma kifua.