Fotini wa Pili

Basi la watoto kutoka kambi ya mlimani liliingia mjini Volos alasiri. Fotini Gavala, miaka saba, hakuwamo. Mama yake, Despina, alipekua hadi chini ya viti, akilia mpaka sauti ikamkauka.

Inspekta Stamatia Rouvali alimshuku kwanza baba mtu, Stelios, maana wametengana. Lakini Stelios alikuwa pale pale, kajishika kichwa. Inspekta akamgeukia karani wa kambi, Lefteris.

"Wote walipanda?"

"Wote, afande. Niliita jina, mtoto akapanda, nikatia alama. Fotini Gavala huyu hapa, ana alama."

"Mbona jasho?"

"Joto tu, afande."

Binti mmoja alimvuta Inspekta mkono. "Alama hiyo ni yangu. Mimi ndiye Fotini Gavala. Na yeye pia."

"Inakuwaje?"

"We afande! Bibi yetu ni Fotini. Baba yangu Thanasis na baba yake Stelios ni ndugu, kila mmoja kampa bintiye jina la mama yao."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Alikaa nyuma ya kanisa la kambi, kivulini, akingoja zamu yake. Majina yakisomwa, mimi huitwa kwanza, yeye huitwa wa pili."

Inspekta akamkazia Lefteris macho. "Sema."

"Wazazi wengine waliandikisha mtoto mara mbili, afande, baba kivyake, mama kivyake. Nikaiamuru kompyuta iangalie jina tu. Likijirudia, ubaki mstari wa kwanza, mwingine ufutwe."

"Na jina la baba halikuwamo?"

"Lilikuwamo. Sikuliangalia."

Mzazi mwenzangu, shika hapo. Mtoto mzima kafutwa, na hakuna aliyemwibia mtu kitu.

"Uligundua lini?"

"Mama alipoanza kulia. Nikafungua faili ya kwanza, nikawaona wawili."

"Ukanyamaza!"

"Nimesota miaka bila kazi, afande. Niliogopa kufukuzwa."

Despina akamrukia. Inspekta akamdaka. "Utamrarua baadaye, mama. Ingia garini."

Huko mlimani, lango la kambi lilikuwa limefungwa; wakalifungua. Nyenje tu ndio waliosikika. Despina akafumbua mdomo amwite, sauti haikutoka. Inspekta akasimama pale basi liliposimama, akashika orodha ya kwanza, ile isiyofutwa kitu.

"Fotini Gavala, wa Thanasis!"

Akashuka mstari mmoja.

"Fotini Gavala, wa Stelios!"

"Nipooo!"

Akatokea nyuma ya kanisa, begi mgongoni, mdomo umejaa tini. Akalitazama gari la polisi juu mpaka chini.

"Mama, basi langu ndilo hili?"