Tairi Lisilotaka Kukaa

Mangi aliingia stejini Gede siku ya soko, juu ya baiskeli iliyokuwa ikimrusharusha mpaka wauza machungwa wakacheka. Alikuwa kibarua wa chumvi kule Gongoni, kijana mrefu mwenye fulana ya manjano iliyopauka. Kanze, binti fundi wa baiskeli aliyerithi kibanda cha babake, aliinua uso. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, mikono imejaa povu.

"Kaka, tairi lako lina nundu."

"Nimelitia mwenyewe."

"Naona."

Kanze alitoa upepo, akapaka maji ya sabuni mdomo wa tairi, akalikanda kuzunguka rimu yote, kisha akajaza kidogo kidogo. Akamwonyesha mstari mwembamba ulio kando ya tairi. "Ukiwa sawa na rimu kote, limekaa. Ukizama mahali, ndipo penye nundu. Usilijaze kwa pupa."

Mangi hakusikia hata neno. Alikuwa akitazama mikono ile. Tangu hapo tairi lake likawa halipiti wiki bila kuharibika, na mtu mzima hahitaji kuelezwa sababu.

Mapenzi yakanoga, simu asubuhi na jioni, mpaka kocha mmoja wa Nairobi alipomwambia Mangi kwamba akifanya vyema mashindano ya baiskeli ya Kilifi, atamchukua akaishi na timu yake huko bara. Mangi alimletea Kanze habari hiyo akitumaini atashikwa shati. Kanze aliipindua baiskeli tu, akaanza kuitia matairi mapya.

"Waniandalia safari?"

"Nakuandalia baiskeli."

"Basi sema nisiende."

Kanze akainamia rimu. Angesema nini? Akimzuia, ataishi na mume anayeitazama barabara kila siku. Akimwachilia, huenda asiishi naye kabisa. Alitaka kulia, akakaza spoksi. Mangi akaichukua baiskeli na kuondoka bila kuaga, na simu zikakoma.

Asubuhi ya mashindano simu ya Kanze ililia.

"Kanze, usikate. Niko Kilifi. Tyubu ya nyuma imepasuka. Nimetia nyingine, lakini tairi lina nundu, na watuita tuanze. Mafundi wote wana timu zao."

Angenyamaza tu, Mangi angebaki pwani. Kanze alilijua hilo vizuri, na nisimsifu bure: kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha kukata. Kisha mdomo ukamsaliti.

"Toa upepo. Una sabuni?"

"Nina maji ya kunywa."

"Yatosha. Paka mdomo wote. Angalia tyubu isibanwe. Sasa livute pale palipozama, ujaze kidogo. Mstari?"

"Bado umezama, karibu na valvu."

"Isukume valvu ndani, kisha uivute. Jaza tena."

Akasikia pampu ikihema simuni. Kisha paa! mlio wa tairi likiruka kukaa rimuni, na paa nyingine.

"Limekaa," Mangi alisema, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Kote?"

"Kote. Kanze, mpenzi, nilidhani wanifukuza."

"Mjinga wewe. Siwezi kukupandisha kwenye tairi bovu, na siwezi kukwambia ubaki. Yote mawili yamenishinda."

"Nikishinda n'tatuma wazee kwenu."

"Na ukishindwa?"

"N'tawatuma vilevile."

"Basi nenda, waitwa."

"Sema kwanza wanipenda."

"Nakupenda, Mangi. Nenda."

Simu ikakatika. Kwenye benchi, mama muuza mikate alikuwa akisubiri gurudumu lake. Kanze akalichukua, akapaka sabuni, akakanda, akajaza, akalizungusha. Likaruka.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "lina nundu."

"Naliona, mama."

Hakuwa akiliona. Akatoa upepo, akajipangusa macho kwa mkono wa sabuni, yakazidi kuwasha, akaanza upya kwa kupapasa.