Sahihi ya Tatu

Tangazo la mnada lilikutwa limebandikwa kwenye geti la jengo siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Aliyeliona wa kwanza ni Mkunga, mmoja wa marafiki wanne waliotoa akiba zao za uzeeni ili ghorofa hilo lisimame. Alilisoma mara mbili, kisha akampigia simu mwenye kiwanja.

"Shoga, njoo mbio. Jengo letu linauzwa."

Saa tatu, mwenye kiwanja, mwalimu mstaafu aliyeitwa na wote Mwalimu, alikuwa mbele ya meza ya Inspekta, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Kando yake aliketi mdogo wake wa kiume, msimamizi wa ujenzi, ambaye hata dada yake alimwita Meneja.

"Afande, huu ni wizi wa mchana kweupe," alifoka Meneja. "Mkamateni fundi wetu wa ujenzi, ndiye aliyetengeneza hata kabati la dada. Ametoroka wiki mbili sasa."

"Tutafika huko. Mwalimu, fedha za ujenzi zilitoka wapi?"

"Benki walinikataa kwa umri wangu. Nikawaendea marafiki zangu. Tuliandikiana kwamba watalipwa kwa kodi za wapangaji, na hati ya kiwanja ndiyo dhamana yao. Niliwaapia haitatoka kwenye sanduku langu."

"Sanduku liko wapi?"

"Kabatini, chumbani kwangu. Ufunguo nauvaa shingoni." Alivuta kamba nyembamba kutoka ndani ya gauni. "Nimelifungua leo. Bahasha ya hati ipo, ila ndani kuna karatasi tupu."

Tangazo lilionyesha kwamba hati ilikuwa kwa muuza vitambaa mmoja anayekopesha watu fedha zake. Alikuwa amewekewa rehani tarehe kumi na nne, miezi mitatu nyuma, na muda wa kulipa ulikuwa umekwisha. Inspekta alisogeza nakala ya mkataba mezani.

"Sahihi hii ni yako?"

Mwalimu aliinama, akaitazama kwa muda mrefu. "Ni yangu," alisema hatimaye. "Lakini naapa sikuiandika."

Inspekta alichora mstari kwenye daftari lake. Sahihi ya kwenye mkataba ilianza juu ya mstari wake ikateremka, herufi za mwisho zikaangukia kwenye muhuri. Ile ambayo Mwalimu alikuwa ametoka kuiandika kwenye maelezo yake ya polisi ilikuwa imenyooka kama uzi.

Fundi alipatikana saa tisa alasiri hiyohiyo, akichanganya zege kwenye jengo jingine.

"Uliwahi kutengeneza kabati la Mwalimu?" aliuliza Inspekta.

"Niliwahi. Naye alinisimamia muda wote, utadhani nitakula mbao."

"Mbona ulitoroka?"

"Nani katoroka? Meneja alinipigia simu, akasema dada yake hataki hata kuiona sura yangu. Niliumia, mama. Ngazi zile nilizijenga kwa moyo."

Jumanne, muuza vitambaa alikunja uso. "Mimi nilishughulika na dalali tu. Alisema mama ni mgonjwa, karatasi zimeshasainiwa."

Simu ya dalali ilikuwa imezimwa. Meneja aliposikia, alijipiga kiganja gotini. "Basi ndiye! Msakeni huyo."

Inspekta hakubisha. Lakini dalali hakuwahi kukanyaga chumbani kwa Mwalimu. Jioni Inspekta alikwenda kwa Mwalimu peke yake.

"Tarehe kumi na nne ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Nilipasuliwa jicho."

"Ulitia sahihi chochote?"

"Fomu za upasuaji, tatu. Nilikuwa nimeshatiwa matone, naona ukungu mtupu. Niliandika pale nilipoelekezwa."

Jumatano, saa nne asubuhi, muuguzi mkuu wa wodi alifungua faili. "Tatu? Hapana. Kwa jicho tunasainisha mbili, na hizi hapa."

"Na vitu vya mgonjwa anapoingia kupasuliwa?"

"Anavua vyote. Tunaandika aliyevipokea." Muuguzi alifungua kitabu kikubwa, akateremsha kidole hadi kwenye mstari uliosema: ufunguo mmoja wenye kamba, saa mbili na dakika ishirini. Inspekta alilisoma jina la mpokeaji, akafunga daftari.

Ijumaa aliwakusanya wote kwenye jengo lenyewe, ghorofa ya chini, mahali palipobaki na harufu ya rangi mbichi. Wale marafiki wanne waliokopesha akiba zao walikaa kwenye benchi moja la mbao.

"Meneja," alisema Inspekta, "ufunguo uliupokea saa mbili na dakika ishirini, ukaurudisha dada yako alipozinduka. Kati ya fomu za hospitali ulipenyeza karatasi yako. Na fundi ulimwachisha kazi ili baadaye aonekane mkimbizi."

"Dalali ndiye—"

"Dalali alikamatwa jana. Ameshasema. Fedha umenunulia kiwanja, kwa jina lako."

Meneja alimgeukia dada yake, macho yamemwiva. "Nani aliwashawishi hawa wanne? Nani alishinda juani miaka miwili? Siku ya kumwaga zege ulisimama mbele ya watu ukasema, 'Huyu mdogo wangu nimempa kakazi.' Kakazi, dada! Hati jina lako, sifa zako. Nilitaka changu. Ningelipa kabla hujajua."

"Ungeniambia," alisema Mwalimu. "Mama alipokufa ulikuwa na miaka sita. Nilikulea mgongoni. Nikakupa mkono wangu nikiwa sioni, ukauongoza kunifilisi."

Inspekta aliwaeleza kwamba mnada umesimamishwa, na kiwanja cha Meneja kitashikiliwa hadi mahakama iamue. Mkunga aliinuka kutoka kwenye benchi, akaja kusimama ubavuni kwa Mwalimu.

Mlangoni mwa gari la polisi, Meneja aligeuka. Hasira ilikuwa imemtoka yote, akabaki kama mtoto.

"Dada, utanitafutia wakili?"

Mwalimu alimtazama tangu kichwani hadi miguuni.

"Nitakuletea nguo za kubadilisha," alisema. "Wakili utamtafuta mwenyewe."