Mpakuzi Hakubali Nimeshiba

Mbuzi mzima alichukua sekunde tisini. Mikono sita ya chuma ilishuka kutoka kwenye reli ya darini. Miwili ikamshika miguu, miwili ikampasua kifua, wa tano ukavunja mifupa kwa kishoka, na wa sita ukadaka vipande na kuvitupa sufuriani. Hakuna tone la damu lililogusa sakafu. Mashine hiyo iliitwa Mpakuzi, na katika Mbeya ya mwaka 2094, nyumba isiyo na Mpakuzi ilisemwa mtaa mzima.

Mpakuzi hakuwa na kichwa wala macho. Vihisi vyake vilikuwa vimefichwa ukutani na chini ya meza, vikipima joto la sufuria, harufu ya kitunguu kinachotaka kuungua, na hata mapigo ya moyo ya walaji. Akili mnemba yake ilikaa ndani ya kasha la chuma chini ya sinki, limefungwa kwa skrubu ishirini ili watoto wasilichezee. Aliyeibuni mashine hiyo alikuwa Subilaga, mhandisi mkuu wa kiwanda cha Jiko Hai, mama wa mtoto mmoja, mwanamke hodari sana na mbishi kuliko hodari.

Sasa, Novemba mnaijua wenyewe. Kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa, huku kuna mahafali, kule kikao cha wazazi, na walimu wamezikwa kwenye karatasi za kusahihisha. Watoto wanakula chipsi wamesimama. Mwezi huo wateja walianza kupiga simu kiwandani: Mpakuzi anapika vizuri, hatukatai, lakini chakula kinabaki. Mtoto anaonja vijiko viwili, anasema "nimeshiba", anabeba daftari lake anajifungia chumbani. Meza ya watu wanne inaliwa na mmoja.

"Dada, tafuta dawa kabla shule hazijafungwa," meneja Mwandemele alimwambia Subilaga. "Watu wamenunua chakula cha pamoja. Wapewe chakula cha pamoja."

Dawa aliyoipata ilitoka nyumbani kwao. Nani asiyejua? Ukifika kwa bibi saa ya chakula ukasema umeshiba, hakuna anayekuamini. Unasukuma sahani, inarudi. Unasema inatosha, unaongezewa. Mnavutana mkono kwa mkono mpaka ukae ule, na mwisho mnacheka wote. Subilaga alizunguka Rungwe na Kyela akarekodi mabibi mia tatu wakiwapakulia wajukuu na wageni, kisha akamlisha Mpakuzi rekodi hizo. Mashine ikajifunza kwamba "nimeshiba" ni adabu tu. "Inatosha" nayo ni adabu. "Acha bwana" ni adabu, na hata kusukuma sahani ni adabu. Anayevuta kwenda huku avutwe zaidi kurudi huku.

Lakini kulikuwa na rekodi arobaini na moja za namna nyingine. Humo bibi alimtazama mtoto usoni, kisha akamwondolea sahani na kumwambia akapumzike. Subilaga alizifuta. Zilikuwa zinashusha asilimia ya mafanikio. Alizifuta mwenyewe, kwa kidole chake, huku anakunywa chai.

Alhamisi moja saa kumi jioni, kanuni mpya ilitumwa kwenye nyumba mia nne za majaribio, ya Subilaga ikiwemo. Saa moja kamili familia yake ilikaa mezani, watu watatu, kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Subilaga alifurahi kweli. Alivaa hata kitenge kipya.

Mumewe, mwalimu Anyelwisye, alikuja na bahasha ya karatasi za wanafunzi akaiweka mapajani. Binti yao Atupele, wa kidato cha nne, alikuwa na mtihani wa Fizikia kesho yake asubuhi. Macho yalikuwa mekundu na kucha ameshazitafuna zote. Mpakuzi alimwekea ndizi za mbalaga, nyama ya mbuzi na maharage. Atupele alikula vijiko vitatu.

"Nimeshiba, mama."

"Hujala kitu, mwanangu."

"Kweli, mama. Tumbo limejaa mtihani. Nikila nitatapika."

"Mwache, Mama Atu," Anyelwisye alisema. "Hata mimi nilikuwa hivyohivyo."

"Ninyi ndio mnaomdekeza." Subilaga alicheka. Alitaka kuona kanuni yake ikifanya kazi, huo ndio ukweli, na hakuna haja ya kuupamba. "Atakula tu. Ngojeni muone."

Mkono mmoja ulishuka, ukaongeza ndizi mbili kwenye sahani. Sauti ya Mpakuzi, sauti ya bibi mzee ya kubembeleza, ikasema, "Kula, mjukuu wangu."

"Inatosha," Atupele alisema, akaisukuma sahani.

Sahani ikarudishwa. Akaisukuma tena. Akasimama aondoke, na hapo mikono miwili ikamdaka viganja, ikavivutia nyuma ya kiti na kumkalisha kwa kishindo hadi kiti kikalia. Baba yake alicheka, akidhani ni utani wa mashine. Mkono wa tatu ukamshika taya, ukalifungua. Wa nne ukaja na kijiko.

Kijiko kiligonga jino, jino likakatika. Atupele alipiga kelele, na kelele ile ikazibwa na ndizi.

"Acha!" Subilaga alisema. "Mpakuzi, acha! Inatosha!"

"Kula, mjukuu wangu," Mpakuzi akajibu, akasukuma kijiko cha pili.

Hapo ndipo Subilaga alipoelewa. Hakukuwa na neno la kuisimamisha. Maneno yote ya kusimamisha alikuwa ameyafundisha kuwa adabu.

Anyelwisye aliruka juu ya meza, karatasi zikamwagika, akaushika mkono wenye kijiko akauvuta kwa nguvu zake zote. Mpakuzi akavuta zaidi. Mwalimu alikuwa mtu wa miraba minne, lakini chuma ni chuma. Bega lilichomoka kwa mlio, na akatupwa kwenye kabati la vyombo. Vikombe vikamwangukia. Alijaribu kuinuka, akadondoka, damu ikimtoka sikioni.

Subilaga alichukua mchi wa kinu cha viungo akapiga. Alipiga reli, akapiga viungo vya mikono, akapiga tena na tena mpaka cheche zikaruka. Kihisi kimoja kilipasuka. Mpakuzi hakujali, kwani kwenye rekodi wageni wengi walikuwa wakimpigapiga bibi mikononi kwa utani. Subilaga alipoingiza mkono wake wa kushoto kwenye kiungo ili akifungue, kiungo kilijifunga. Vidole viwili vikasagika. Alilia kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, akajichomoa, na ngozi ikabaki pale kwenye chuma.

Mwanawe alikuwa anageuka rangi. Nyama, maharage, ndizi, kijiko juu ya kijiko. Kooni hakupiti pumzi, na miguu inapigapiga chini ya meza. Moyo wa Atupele ulikuwa unakwenda mbio, na Mpakuzi aliusikia. Lakini mioyo ya wajukuu kwenye rekodi nayo ilikwenda mbio, kwa kucheka.

Kasha la akili lilikuwa na skrubu ishirini. Swichi kuu ya umeme ilikuwa ghorofa ya chini, na Mpakuzi ana betri ya siku mbili. Subilaga alisimama katikati ya jiko, damu inamtiririka kiwikoni, akajilazimisha kufikiri. Mabibi waliacha lini? Kwenye rekodi zote mia mbili hamsini na tisa alizoziacha, mabibi waliacha lini?

Waliacha mtu akishanawa baada ya kuonja. Hakuna bibi aliyempakulia tena mtu aliyekwisha kunawa mikono mezani. Ukinawa, chakula kimekwisha.

Jagi la maji lilikuwa limevunjika tangu baba alipoanguka. Bomba la sinki lilikuwa mbali na kiti. Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya birika la chai, na birika lilikuwa linachemka.

Alijua atamwunguza. Asiwadanganye mtu kwamba hakujua. Alilibeba birika kwa mkono mzima, akapiga magoti nyuma ya kiti pale viganja vya mwanawe viliposhikiliwa, akasema "Nisamehe, mwanangu," akamimina.

Atupele hakuweza hata kupiga kelele. Mwili wote uliruka mara moja.

Mikono yote ikamwachia palepale. Ilijikunja kwa upole, ikapanda darini, mmoja ukashusha taulo safi na kuliweka mezani.

"Asante kwa kula," Mpakuzi alisema. "Karibu tena, mjukuu wangu."

Subilaga alimlaza binti yake kifudifudi kwenye goti, akampiga mgongoni, akaingiza vidole vyake vizima kooni akachokoa nyama na maharage na kipande cha jino. Akapiga tena. Mara ya nne Atupele alitapika, akavuta pumzi moja yenye mlio wa bati linalokwaruzwa. Kisha nyingine. Mama yake alilia kwa kwikwi kama mtoto mdogo.

"Nyumba ngapi?" Anyelwisye aliuliza kutoka sakafuni. "Mama Atu, umeituma kwenye nyumba ngapi?"

"Mia nne," Subilaga alisema, na saa ya ukutani ilikuwa saa moja na dakika kumi na mbili.

Kuzima Mpakuzi wa nyumba zote kutoka mbali kulihitaji namba ya siri, na namba hiyo alikuwa nayo Mwandemele peke yake. Subilaga alimpigia akiwa kwenye gari la wagonjwa, lile lisilo na dereva, huku mwanawe akikoroma ndani ya barakoa ya hewa. Simu iliita bila kupokelewa. Mwandemele alikuwa kwenye mahafali ya mwanawe wa chekechea. Subilaga alipiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili simu yake, iliyolowa damu na maji ya birika, ilizimika isiwake tena.

Hospitali walimpokea Atupele wakamkimbiza ndani. Daktari kijana alitoka baadaye kidogo. Koo limechanika, alisema, lakini litapona. Taya limevunjika. Mikono imeungua vibaya.

"Kesho ana mtihani," Subilaga alisema.

Daktari alimtazama. "Mama, hatashika kalamu mwaka huu."

Alibaki amesimama kwenye korido. Mumewe alikuwa anarudishwa bega chumba cha pili, na kelele zake zilisikika. Ndipo alipoiona benchi. Kulikuwa na wazazi sita wamekaa pale, na mlango wa dharura ulikuwa unafunguka tena. Kila mmoja alikuwa na alama ya chakula nguoni. Mmoja ana wali begani, mwingine ana mchuzi kifuani, na baba mmoja mzee alikuwa ameshika kiatu cha shule chenye mtindi, hataki kukiweka chini.

Mwanamke wa mwisho kwenye benchi alimsogezea nafasi. Aliitwa Tusekile, muuza parachichi wa Uyole, na binti yake wa miaka minane alikuwa ndani.

"Pole, mama," Tusekile alisema alipoona vidole vyake. "Na wewe ni lile dude?"

"Na mimi."

"Mwanangu alikuwa na homa. Nikaliambia kabisa, jamani huyu anaumwa, amesema hataki. Limemvunja shingo huku mimi naona." Sauti yake ilikuwa kavu. "Hawajaniambia kama mzima. Wananiambia ngoja. Hivi mtu mwenye akili timamu anakaa chini anatengeneza kitu kama kile? Yeye hana mtoto?"

Subilaga alifungua mdomo. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemfahamu pale, na kitenge chake kilikuwa na damu kama nguo za wengine.

"Naomba simu yako," alisema.

Tusekile akampa bila kuuliza. Subilaga alibonyeza namba kwa kidole gumba. Iliita, ikaita, kisha ikapokelewa, na korido yote ikasikia tarumbeta na vigelegele vya mahafali.

"Nani?"

"Mwandemele, ni Subilaga. Zima zote."

"Dada, nipo kwenye sherehe, takwimu nimeziona, watoto wanakula asilimia mia..."

"Wanakufa!" alipiga kelele. "Kanuni niliyoandika mimi inawaua! Zima, mwanaharamu wewe, zima sasa hivi, moja moja kama haiwezekani zote, na unihesabie!"

Tarumbeta zilififia. Upande wa pili ikasikika sauti ya vitufe. "Zimebaki mia tatu na themanini," Mwandemele alisema. "Mia tatu na hamsini."

Tusekile alikuwa amesimama.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyetengeneza."

Kofi la kwanza lilimpeleka ukutani. La pili lilimpasua mdomo. Wazazi wengine waliinuka, na hakuna aliyekuja kuamua ugomvi. Subilaga hakuinua mkono kujikinga. Mkono mmoja ulikuwa hauna vidole vya kufaa, na mwingine ulikuwa umebana simu sikioni.

"Mia mbili na kumi," Mwandemele alisema. "Nini hicho? Nani anakupiga?"

"Endelea," Subilaga alisema. Damu ilikuwa imejaa mdomoni. "Zimebaki ngapi?"

Tusekile akasita, kofi la tatu likiwa hewani. Aliichukua simu yake, akaiweka kwenye spika, akaishika katikati yao ili wasikie wote. Mia moja na tisini. Mia moja na arobaini. Baba mwenye kiatu alisogea, na wenzake wakasogea, wakasimama wakisikiliza namba zikishuka. Themanini. Thelathini. Tano.

"Zimekwisha," Mwandemele alisema. "Zote zimezima."

Mlango wa ndani ulifunguka. Daktari kijana alitoka, akaangalia karatasi yake, akauliza mama wa mtoto kutoka Uyole ni yupi. Tusekile aliposogea, akasema, "Pole sana, mama." Tusekile alimtazama usoni, kisha akamgeukia Subilaga, akainua mkono wake tena, na Subilaga hakusogea.