Mgonjwa wa Kitanda cha Sita

Midoli mitano ilikuwa ikipumua. Wa sita haukupumua.

Ndivyo mwanafunzi wa uuguzi alivyomweleza Inspekta asubuhi ile, akiwa bado amevaa glavu. Lilikuwa somo la kumwosha mgonjwa kitandani, kwa midoli ya mafunzo. Pampu zilikuwa zikivuta na kusukuma hewa chini ya vitanda, na vifua vya mpira vikipanda na kushuka. Yeye alipangiwa kitanda cha sita, karibu na dirisha. Akaushika mkono wa mgonjwa wake, akaanza kuusugua kwa kitambaa. Mpira hauoti nywele. Mkono ule ulikuwa nazo.

"Nilidhani wametuletea mdoli mpya," alisema kwa sauti ya chini. "Hata nikamwambia pole."

Marehemu alikuwa mwalimu wa upigaji picha wa chuo hicho, ambaye wanafunzi walimwita Jicho. Kwa mara ya mwisho alionekana jana yake alasiri, akitoka studio peke yake.

Inspekta alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye mazoea ya kusimama kwenye eneo la tukio bila kugusa kitu mpaka wasaidizi wake waanze kukohoa. Alimtazama marehemu kwa muda mrefu. Pembe za shuka zilikuwa zimekunjwa na kukazwa barabara. Mto mdogo uliwekwa chini ya magoti. Visigino viliinuliwa kwa taulo, visije vikapata vidonda vya kulalia.

"Maiti haipati vidonda vya kulalia," alimwambia koplo wake. "Aliyemlaza hapa alimlaza akiwa hai."

Koplo aliomba pampu zizimwe. Zilipozimwa, chumba kikawa kibaya zaidi. Midoli ile mitano ilikuwa imekodoa macho darini, na Inspekta akajikuta akisikiliza kama kuna chochote kinachoendelea kupumua.

Mkufunzi wa uuguzi aliitwa kutoa maelezo. Wanafunzi walimwita Mama Shuka. Walisema anaweza kuona kunyanzi la shuka akiwa upande wa pili wa ukuta. Alijibu kila swali kwa utulivu. Ndiyo, ufunguo wa chumba anao yeye. Ndiyo, jana alifunga mapema. Hapana, hakugombana na marehemu. Alipoondoka, alinyoosha kola ya koplo bila hata kujua kwamba ameinyoosha.

Mchana daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Hakukuwa na jeraha, ila alama moja ya sindano kwenye mshipa wa mkono. Majimaji ya jicho yalionyesha kuwa sukari mwilini ilikuwa imekwisha kabisa, na marehemu hakuwa mgonjwa wa kisukari. Daktari alishuku insulini, nyingi.

Inspekta alizunguka chuo. Kwenye korido ya idara ya picha aliona kazi za marehemu zimetundikwa ukutani. Kati yazo palikuwa na msumari mtupu, na mraba mweupe ambao vumbi halikuufikia. Aliwauliza wanafunzi. Ilikuwa picha ya msichana aliyelala sakafuni studio, walisema, mwanga wa dirishani umemwangukia usoni. Nzuri sana. Lakini wengi walikuwa wakipita upande wa pili wa korido, kwa sababu ukiikazia macho ulimwona kama anataka kusema kitu.

Picha yenyewe ilikuwa mezani kwa mwalimu wa fizikia, chini ya rula na karatasi iliyojaa hesabu. Hakuificha. Mama Shuka ndiye aliyemletea wiki iliyopita, alieleza. Alimpa tarehe, akamwomba amtafutie saa ambayo picha ilipigwa. Kwake lilikuwa fumbo la kupendeza. Alipima kivuli cha nondo za dirisha, akakokotoa mahali jua lilipokuwa siku ile.

"Ukapata saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika tano."

"Alisemaje?"

Mwalimu wa fizikia akavua miwani. "Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia jua halisemi uongo. Akanishukuru, akakaa pale kwenye kiti mpaka kengele ikalia." Akaitazama picha. "Kwani nimefanya nini, Inspekta?"

Inspekta alikwenda zahanati ya chuo, akafungua daftari la wagonjwa la mwaka uliopita, tarehe ileile. Msichana, mwanafunzi wa upigaji picha, mgonjwa wa kisukari, amekutwa amezirai studio. Mtoa taarifa: mwalimu wake. Saa kumi kasoro robo. Alifariki hospitalini kesho yake bila kuamka. Kwenye nafasi ya ndugu wa karibu, dada mkubwa alikuwa ametia sahihi.

Alimkuta dada huyo kwenye chumba cha mafunzo, akitandua mashuka ya kitanda cha sita. Inspekta akaiweka picha juu ya godoro. Mama Shuka aliitazama, akaketi.

"Mdogo wangu," alisema. "Nimeipita picha hii miezi mitatu bila kuinua macho. Siku nilipoinua, niliona jasho kwenye paji la uso, na midomo. Nikajua hajalala, sukari imemshuka."

"Ukamuuliza?"

"Jana. Alikuja kwa sindano yake ya vitamini, kama kila wiki. Nilimchoma insulini kwanza, ndipo nikamuuliza. Mwanzoni alisema alidhani mdogo wangu amelala. Kisha kichwa kilipoanza kumzunguka akasema ukweli. Alimwona anatetemeka. Alijua ni mgonjwa. Akaniambia, mwanga ule usingerudi tena."

Inspekta hakuandika. Alimwacha aendelee.

"Nilitaka apate dakika arobaini, basi. Hizohizo alizompa mdogo wangu. Nikamlaza vizuri, nikaketi hapa na saa yangu. Glukosi nilikuwa nayo mfukoni. Nilijiambia nitamchoma zikiisha, aamke, ajue."

"Hukumchoma."

"Zilipoisha nilisimama. Bomba la sindano lilikuwa mkononi, tayari." Mama Shuka aliinyoosha picha pembeni kwa kidole, kama anayenyoosha shuka. "Jua lilikuwa limemfika usoni. Uso wake ulikuwa umetulia, mzuri, hata sijui nikueleze vipi. Nikamtazama. Sikuwa na hasira tena, Inspekta, ndilo linalonitisha. Nilikuwa natazama tu. Nilipokumbuka sindano, jua lilikuwa limeshahama."