Kiberiti Akaa Benchi

Saa za watu kutoka kazini, mbele ya duka la televisheni, watu walikuwa wamejazana wakitazama mpira bila nia ya kununua chochote. Mwanamke mfupi aliyevaa suti ya michezo ya bluu akasema kwa sauti, "Namba sita kachoka. Mtoeni."

"Kachoka wapi, mama? Huyo ndiye anayeibeba timu!" akadakia mwanamume aliyesimama kando yake, nyusi zimejaa unga wa ngano.

Haikupita muda, namba sita akapokonywa mpira na bao likaingia. Mwenye duka alicheka mpaka akashika meza. "Kaka, unabishana na kocha wa timu ya taifa ya wanawake! Humjui Kiberiti?"

Nani asiyemjua? Enzi zake alikuwa mshambuliaji, mdogo wa umbo na moto miguuni, mpaka goti likamsaliti. Alilia, akanyamaza, akaenda kusomea ukocha, akaanza na watoto wa shule, akapanda hadi akakabidhiwa timu ile ile aliyoichezea. Yule mwenye unga nyusini, mwokaji mikate, peke yake ndiye ambaye hakumtambua, na hilo, tusidanganyane, ndilo lililompendeza Kiberiti.

Basi mapenzi yakashika kasi.

"Unga wangu, umekula?"

"Mwokaji atalalaje njaa, mpenzi? Goti lako je?"

Kila jioni mwokaji alifika mazoezini na mikate ya moto, shati jeupe limepigwa pasi, wachezaji wakimwita shemeji huku wakiigombania mikate. Lakini tanuri lilimwamsha alfajiri kila siku. Jioni moja akasinzia jukwaani, mdomo wazi, timu nzima ikamcheka.

Kiberiti hakucheka. Mchezaji aliyechoka kwake alikuwa na dawa moja tu: kupumzishwa, bila maelezo. Wachezaji wake walimzoea, hawakuuliza. Basi akaacha kumpigia mwokaji simu, za kwake hakupokea, na mlinzi wa lango akaagizwa asimruhusu kuingia. Roho ilimuuma, lakini alijiona anapenda kwelikweli.

Siku zikapita, ndipo dada yake mwokaji akapiga.

"Wifi, au nikuite wifi wa zamani?"

"Wa zamani kwa nini tena?"

"Mwenzio anafunga mizigo, anahamia kwa kaka yetu, mji mwingine. Kama umemchoka si ungemwambia? Unamfungia lango kama mwizi!"

"Nimchoke? Nilimpumzisha!"

"Ulimfanya nini?"

Kiberiti alimkuta mwokaji mbele ya tanuri, mikono ya shati imekunjwa, begi limeegemezwa ukutani.

"Mchezaji ukimtoa, anakaa na wewe benchi," mwokaji alisema bila kugeuka. "Mimi umenitoa mpaka nje ya geti."

"Nilikuona umechoka."

"Nimechoka, ndiyo! Nimechoka na raha zangu. Nani kakutuma unipumzishe?"

Tangu awe kocha, Kiberiti hakuwahi kumweleza mtu kwa nini amemtoa.

"Sikujua," akasema. "Mimi watu nawapenda hivyo. Nimekosa. Usiondoke, Unga. Nataka tuoane."

Mwokaji akageuka. Macho yalikuwa mekundu, na haukuwa moshi. Akamwona alivyovaa: gauni la njano, la kwanza kumwona nalo.

"Kaa pale," akasema, akionyesha benchi la mbao kando ya tanuri.

"Mpaka lini?"

"Mimi niliambiwa mpaka lini?"

Akakaa. Trei zikatoka, nyingine zikaingia. Jasho likamtiririka, gauni likamganda mgongoni, asithubutu kuuliza tena. Ndipo alipojua wachezaji wake huwaza nini wakiwa benchi: kama bado wanatakiwa. Aliogopa kuliko siku goti lilipovunjika.

Trei ya mwisho ilipotoka, mwokaji akalisukuma begi kwa mguu mpaka chini ya meza. Akavua aproni yake, akamtupia mapajani.

"Haya, Kiberiti," akasema. "Ingia."