Utepe wa Waridi

Roswitha, rafiki yangu wa Kassel, Ujerumani, kazi yake ni kutambua kofia za zamani za kijeshi, ipi ya kweli na ipi ya kughushi. Jumamosi moja mchana aliingia Detlev, muuzaji wa vitu vya kale, akamwekea mezani kofia ya ofisa yenye utepe wa waridi, rangi ya askari wa vifaru.

"Utepe huu ulikuwa mweupe, wa askari wa miguu," Roswitha alisema. "Umeupaka rangi, Detlev."

"Hebu wewe andika tu kwamba ni halisi. Za vifaru ndizo zinazogombaniwa."

"Umeitoa wapi?"

Detlev akacheka. "Kwenye jeneza la mzee Ottokar, mwenye kofia. Alitaka azikwe nayo. Sasa atanifanya nini?"

Roswitha akafunga mapazia na kuzima taa, ili aimulike kofia kwa taa ya zambarau inayoumbua rangi za kisasa. Kabla hajaiwasha, alisikia kitambaa kikisuguliwa gizani, kwa nguvu, kama mtu anayefua kwa hasira.

"Acha kuigusa!"

"Mimi? Niko huku mlangoni," Detlev akajibu. Kisha akaanza kukoroma kama mtu aliyekabwa.

Roswitha akapapasa ukuta, akawasha taa. Utepe wa kofia ulikuwa mweupe pe, umelowa. Detlev alikuwa amepiga magoti, anajikwaruza shingo. Mstari wa waridi ulikuwa umemzunguka kooni, mwembamba kama uzi, rangi bado mbichi, ukididimia taratibu nyamani.